Dresa na Jicho Moja la Mama

Watu waliomjua Dresa wako makundi mawili: aliowasema wakapona, na aliowasema tu. Mimi ni wa kundi la kwanza, ingawa jicho lililotibiwa lilikuwa la mama yangu. Maneno yake tuligawana nusu kwa nusu, kama ndugu wanavyogawana muhogo wa kuchoma.

Simtaji kwa jina kwa sababu hata siku zile hakuna wa kwetu aliyelitumia. Wazungu wa misheni walimwita kwa jina la ubatizo, wakalitamka vibaya, naye akaitika vibaya makusudi. Sisi wengine tulimwita Dresa. Hospitali ile ya huku juu uwandani, si mbali na Newala, ilikuwa na madresa watatu, yaani wasaidizi wa kusafisha na kufunga vidonda, lakini ukisema Dresa bila kuongeza neno, mtu yeyote kutoka Kitangari hadi Tandahimba alijua kwamba unamsema yule wa macho. Hakuwa daktari. Alikukumbusha jambo hilo kila siku, kwa sauti iliyokufanya uwaonee huruma madaktari.

Alikuwa mfupi, mkavu, na kaptura yake nyeupe ilipigwa pasi ya mkaa hadi mikunjo ikawa kama wembe. Soksi zilifika magotini. Koti alilifunga vifungo vyote hata mwezi wa kumi na moja, wakati joto linawalaza mbuzi katikati ya njia. Wagonjwa waliofungwa bandeji machoni walimtambua kwa viatu. Alikuja kwa haraka, akasimama ghafla, akashusha pumzi puani kama mtu aliyeletewa chakula asichokipenda, kisha akasema neno. Neno lenyewe kwa kawaida halikuwa la kufariji.

Kulikuwa na mzee mmoja, mkulima wa mihogo, aliyekuwa akisubiri kufunguliwa bandeji baada ya kutolewa mtoto wa jicho. Alimwuliza, "Dresa, nitaona?"

"Utaona nini, mzee? Kuna kitu kipya huku nje?"

Akamfungua. Mzee akapepesa, akamtazama Dresa usoni kwa muda mrefu, halafu akasema, "Ni kweli. Hakuna kipya."

Dresa aliifurahia habari ile kwa wiki nzima. Alikwenda kitanda hadi kitanda akiisimulia, na kila alipomaliza alisema, "Huyo sasa amepona." Alipenda kujibiwa. Tatizo ni kwamba wagonjwa wengi walimwogopa, wakamjibu "ndiyo, Dresa," na hilo ndilo lililomchosha akazidi kuwasema.

Mama yangu hakumwogopa. Alikuwa mwanamke wa zamani, mwenye ndonya katika mdomo wa juu na chale kutoka kwenye paji la uso hadi kidevuni. Lakini matone ya dawa aliyaogopa. Siku ya kwanza alikaza kope kama mlango wa ghala, Dresa akasimama na kichupa mkononi.

"Bibi, shikamoo."

"Marahaba."

"Hizi chale, walipokuchanja ulilia?"

"Sikulia."

"Walikuchanja kwa nini?"

"Kwa kisu."

"Mimi nina tone moja la maji. Au nikuletee kisu ndipo utulie?"

Mama akatulia. Tone likaingia, na Dresa akapita kitanda cha pili. Mama aliniambia kwa Kimakonde, kwa sauti ya kutosha kusikika, "Mtu huyu hana adabu, lakini mkono wake ni mwepesi." Dresa, ambaye alikielewa Kimakonde vizuri sana, hakugeuka.

Ule mkono mwepesi ulikuwa na gharama, na gharama hiyo niliibeba mimi kichwani. Kwa wasiopajua kwetu, niseme tu kwamba sisi tuliishi juu na maji yaliishi chini. Bomba lilikuwa halijatufikia. Wanawake tulishuka kwenye genge kwa njia ya miguu, tukachota kwenye chemchemi bondeni, tukapanda na debe kichwani huku jua linapanda pamoja nasi. Mgonjwa wa hospitali aliletewa maji na nduguze. Mimi nilikuwa ndugu. Nilimwacha binti yangu Zainabu kwa mume wangu kule Kitangari, nikaja kumuuguza mama, na kumbe nilikuja kumnawisha Dresa.

Alichungulia ndani ya debe langu kama mnunuzi anavyochungulia gunia la korosho.

"Mama Zainabu, haya ni maji au mchuzi?"

"Ni maji, Dresa. Mchuzi ningekula njiani."

Yalichujwa kwa kitambaa, yakachemshwa, yakapoa, kisha akaanza kunawa. Alinawa hadi kwenye viwiko. Alisugua kucha moja moja. Alinawa kabla ya kugusa jicho, akanawa baada ya kuligusa, na akishika mlango kwa bahati mbaya alirudi kunawa tena. Safari yangu ya tangu alfajiri hadi adhuhuri ilimwagika ardhini mbele ya macho yangu. Siku moja nilishindwa kuvumilia, nikamwambia, "Dresa, mikono yako inakunywa maji kuliko ng'ombe."

"Ng'ombe hashiki jicho la mama yako," akajibu, akaendelea kusugua.

Nikalichukua debe tupu nikaondoka polepole, ili aone kwamba nimeudhika. Sidhani kama aliona. Alikuwa akitazama kucha.

Mtu wa namna hiyo ungetarajia awe msafi na mwenye akili kila mahali. Sivyo. Alinusa ugoro. Aliuweka katika kikopo kidogo ndani ya soksi ya kushoto, na kila baada ya kazi alitoka nje ya uzio, akanusa, akapiga chafya mpaka kunguru wakaruka, akarudi kunawa, kwa maji yangu. Wagonjwa alikuwa amewakataza kupiga chafya, kukohoa, kucheka na kulia. "Mkitaka kufanya hayo, fanyeni kwenu," alisema.

Waganga wa kienyeji aliwachukia hadharani. Alikuwa na mkebe wa vitu alivyovitoa machoni mwa watu: vipande vya majani, majivu yaliyoganda, ganda la konokono lililosagwa nusu. Kila mgonjwa mpya alionyeshwa mkebe. "Hili ni duka la mganga," alisema. "Ukipenda chochote humu, sema, nikurudishe ulipotoka." Lakini nyuma ya nyumba yake kulikuwa na mikorosho kumi na kitu, na katika mkorosho wa katikati ilining'inia chupa nyeusi iliyozongwa kitambaa chekundu, dawa ya kuzuia wezi, aliyoifuata kwa mganga mmoja upande wa Masasi. Nilipoiona nilifurahi kama mtu aliyeokota shilingi.

"Dresa, ile chupa ni ya nini?"

"Ya wezi. Wezi wanaamini mambo hayo."

"Na wewe?"

"Mimi naamini wezi."

Zilikuwa pia siku za mikutano. Vijana walikuwa wakizungumza habari za Uhuru waziwazi, hata kwenye foleni ya dawa, chini ya picha ya Malkia iliyotundikwa na misheni juu ya kabati. Dresa aliwasikiliza akiwa anakata bandeji. "Uje," alisema. "Lakini nzi wa macho hawajaambiwa." Wakamwona kibaraka wa Wazungu. Baadaye, nilipotumwa pamba, niliikuta kadi ya chama chini ya pamba zenyewe, imekunjwa vizuri, ina mwaka mmoja na zaidi. Niliirudisha nilipoikuta. Mtu aliyewasema watu wote alihitaji kuwa na kitu kimoja ambacho hakukisema.

Sasa habari ya jicho.

Jicho la kushoto la mama lilikufa bila kelele. Halikuuma, halikutoa usaha. Alianza kujikwaa kwenye kinu kilicho karibu na mguu wake huku akimwona kuku mlangoni kwa jirani. "Naona kama ninachungulia kwenye mwanzi," alituambia. Sisi tulidhani ni uzee. Mjomba wangu, kaka yake mama, alidhani ni adui. Tulipofika hospitali jicho la kushoto lilikuwa giza kabisa, na la kulia mwanzi wake ulikuwa umekuwa mwembamba.

Dresa alimfumbisha macho, akabonyeza kope kwa ncha za vidole viwili, kwanza huku, kisha kule. "Magumu kama kokoto," alisema. Akatueleza, na safari hii hakumsema mtu.

"Ndani ya jicho kuna maji. Si machozi. Machozi ni ya nje, hayo mnayoyamwaga misibani. Haya ya ndani yanaingia na kutoka kila siku. Njia ya kutokea ikiziba, jicho linajaa, linakuwa gumu, na mshipa wa nyuma unaopeleka picha kichwani unakufa kidogo kidogo. Ukishakufa haufufuki. Hili la kushoto tulizike. La kulia tunaweza kuligombania."

Liligombaniwa kwa matone miezi mitatu, likabaki gumu. Daktari, Mwingereza mrefu na mpole aliyepanda kutoka Masasi kila baada ya miezi michache, akasema lazima apasue: atatoboa tundu dogo sana chini ya kope la juu, alifunike kwa ile ngozi nyembamba inayofunika weupe wa jicho, ili maji ya ndani yapate njia mpya ya kutokea na kukusanyika pale kama lengelenge.

"Mnamtoboa jicho ili aone?" aliuliza mjomba. Kwetu mjomba ndiye mwenye neno juu ya dada yake na watoto wa dada yake, na mjomba wangu alilitumia neno hilo kama mtu aliyepewa panga jipya.

"Ndiyo," alisema Dresa. "Mimi nilipoambiwa mara ya kwanza nilikataa. Nilisema huu ni wazimu wa Wazungu. Nimeyaona mengi baada ya hapo, na bado ni wazimu, lakini watu wanaona."

Mjomba akaridhika kwamba ameheshimiwa, akakubali, akarudi Kitangari.

Mama akapasuliwa. Kesho yake Daktari alimtazama, akasema ni vizuri sana, akaondoka kabla ya mvua. Aliiogopa ile barabara ya kushuka, naye alikuwa na haki, maana mvua ilipoanza barabara ikawa sabuni na hakuna gari lililopanda wala kushuka.

Asubuhi ya siku ya tatu Dresa alifungua bandeji. Nilikuwa nimeketi miguuni pa kitanda. Nilijua kuna jambo kwa sababu hakusema neno lolote. Aliinama, akamulika tochi kwa upande, akainuka, akaenda kunawa tena, akarudi, akamulika tena. Kisha akadondosha dawa ya rangi ya machungwa, akasubiri, akaniita.

"Mama Zainabu, njoo uone, maana baadaye utaniuliza na mimi sitakuwa na hamu ya kusema."

Kioo cha mbele cha jicho, kile ambacho kwa kawaida ni angavu hata hukioni, kilikuwa na ukungu kama kioo cha taa kilichopuliziwa pumzi. Na pale juu, karibu na lengelenge, uzi mwembamba wa kijani ulikuwa ukishuka katika ile rangi ya machungwa, ukishuka bila kukoma.

"Linavuja," alisema. "Ile ngozi ya juu haikuziba vizuri, maji yanatoka nje moja kwa moja. Kwanza lilikuwa limejaa mno, sasa ni tupu mno. Nyuma ya kioo panatakiwa pawe na chumba cha maji. Hakuna chumba tena. Vitu vya ndani vimekuja mbele vikaegemea kioo. Vikikaa hivyo siku nyingi kioo kitakuwa cheupe kama ganda la yai, na hapo hata maji yakirudi hataona."

"Daktari atafanya nini?"

"Daktari yuko Masasi anakunywa chai. Swali ni mimi nitafanya nini."

Alijua la kufanya. Hilo ndilo lililomsumbua. Ilitakiwa kipande cha pamba kikunjwe hasa, kiwekwe juu ya kope mahali panapovuja, na bandeji ikazwe. Ilitakiwa pia dawa ya kupanua mboni, ili vile vilivyokuja mbele vivutwe nyuma. Dawa hiyo ilikuwamo kabatini. Lakini kwa watu wenye ugonjwa wa mama, kabla ya kupasuliwa, dawa hiyohiyo inaweza kulimaliza jicho, na kwa sababu hiyo Daktari alikuwa amebandika karatasi kwa mkono wake mwenyewe: asipewe mgonjwa wa jicho gumu bila ruhusa yangu. Dresa alituma mtu boma la Newala apeleke simu. Mtu akarudi mchana akiwa amelowa. Waya ulikuwa umekatika.

Yule aliyetumwa alirudi na mjomba. Walikutana njiani. Habari za wadi hutembea kuliko gari, na mjomba alikuja na wanaume wanne na machela ya miti.

"Nimekuja kumchukua dada yangu," alisema mlangoni. "Mmelitoboa, sasa linamwagika. Akafie kwake."

"Hafi," alisema Dresa. "Kipofu hafi. Anakaa miaka ishirini akikuuliza nani ameingia. Ukimbeba kwa machela mpaka Kitangari katika mvua hii, akitikiswa kila hatua, ndivyo atakavyokaa."

"Wewe ni nani wa kunizuia? Mimi ndiye mjomba."

"Ni kweli, wewe ndiye mjomba. Lakini jicho halina mjomba. Linavuja bila kuomba ruhusa."

Wale wanaume wanne wakatazama chini. Mjomba alisogea hatua mbili, nikadhani atampiga, na Dresa, ambaye kichwa chake kilifika kifuani pa mjomba, hakurudi nyuma. Aliyesema neno ni mama, akiwa amelala chali na jicho limefunikwa kitambaa.

"Kaka, huyu mtu hana adabu, tangu nilipofika. Wewe mtoto, mwambie huyo Dresa wako aseme yote. Dawa hiyo inaweza kuniharibu?"

Alikuwa ananiambia mimi, lakini Dresa alijibu. "Inaweza, Bibi. Nadhani haitaharibu. Nadhani, sijui. Nisipoitia, najua."

"Unajua nini?"

"Kioo kitakuwa cheupe."

"Nimechoka kuchungulia kwenye mwanzi," alisema mama. "Lakini kuchungulia ni bora kuliko kutochungulia. Kaka, mimi ndiye nimelala hapa. Mwache afunge."

Dresa akafungua kabati. Aliisoma ile karatasi ya Daktari mara moja zaidi, akaikunja, akaitia mfukoni mwa koti, labda ili isimtazame. Akatia tone. Akakunja pamba, akaifungua, akaikunja upya mara tatu, akaiweka juu ya kope, akakaza bandeji kuzunguka kichwa. Kisha akamgeukia mjomba.

"Wewe una nguvu na huna kazi. Asiinue kichwa, asikohoe, asicheke, asiketi. Kaa hapo umlinde."

Nilidhani mjomba ataondoka kwa hasira. Akavuta kiti. Siku tano alikaa pale, na sijaona muuguzi mkali kama yeye. Aliwakaripia wagonjwa wa vitanda vya jirani kwa kusema hadithi za kuchekesha. Alimlisha dada yake uji kwa kijiko kama mtoto. Mimi mwenyewe alinifukuza mara mbili kwa kuweka debe chini kwa kishindo.

Kila asubuhi Dresa alifungua, akatia ile rangi, akamulika. Siku ya kwanza uzi wa kijani ulikuwa palepale. Siku ya pili ulikuwa palepale, na kioo kilikuwa na ukungu zaidi. Siku hiyo nilimwona nje ya uzio na kikopo cha ugoro mkononi, hajanusa, anakitazama tu. Nikapita na debe langu. Hakuchungulia maji. Hilo lilinitisha kuliko ukungu.

Siku ya tatu uzi ulikatika katikati, ukawa matone. Siku ya nne hapakuwa na uzi, na nyuma ya kioo palikuwa na nafasi nyembamba kama karatasi. Siku ya tano ukungu ulikuwa umepungua hata mimi nikaona. Dresa aliinama na tochi yake, na mama, ambaye alikuwa hajasema neno tangu alfajiri kwa kumwogopa kaka yake, akasema:

"Unanuka ugoro. Na kola yako imechanika."

Dresa akaigusa kola. Ilikuwa imechanika kweli, kidogo, upande wa kulia.

"Na ndonya yako imekaa upande," akajibu, akaenda kunawa. Alinawa muda mrefu sana siku hiyo. Sikuhesabu maji.

Barabara ilipokauka Daktari akapanda. Alilitazama jicho, akasoma kitabu cha wadi, akatazama kabati. Dresa alipewa barua ya onyo yenye mhuri kwa kutoa dawa bila ruhusa. Alasiri ileile Daktari alimwomba amwonyeshe alivyoikunja ile pamba. Onyo lilikuja na karatasi. Ombi lilikuja kwa mdomo. Dresa alimwonyesha, polepole, mara mbili, kama anavyofundishwa mtoto mgumu wa kuelewa.

Halikuishia hapo, maana jicho lililotobolewa halimalizi vituko siku moja. Lile lengelenge lilipojaa vizuri liliinua kope, kope likashindwa kupangusa machozi pale pembeni yake, na kioo kikakauka mahali hapo kikafanya kishimo kidogo. "Ndani maji, nje ukame," alisema Dresa. "Jicho limezoea Umakonde." Akapaka mafuta ya dawa, akalifunga siku mbili, kishimo kikajaa.

Tulipoondoka alitufuata hadi getini, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Nilidhani atatuaga.

"Jicho hili sasa lina mlango," alisema. "Mlango wa kutolea maji unaweza kuingiza uchafu, hata baada ya miaka. Likiwa jekundu, likiuma, likitoa usaha, msingoje kuche, msiitishe kikao cha ukoo. Njooni. Na asilipikiche. Kwaheri."

Akageuka. Ndivyo alivyoaga.

Mama aliishi na jicho lile miaka sita. Mara mbili lilikuwa jekundu, na mara zote mbili nilimbeba kwa baiskeli ya mume wangu kama aliyeiba. Uzi kwenye sindano hakuweza kuutia tena. Lakini alipalilia karanga zake, aliwajua wajukuu wake kwa nyuso, na aliona mjomba anavyozeeka, akamwambia. Alikufa kwa homa, katika mwaka ule wa mwisho wa bendera ya Waingereza.

Miezi michache baada ya arobaini nilikwenda Masasi kwa mdogo wangu aliyeolewa huko. Nilikuwa nimesikia kwamba Dresa amestaafu, ameteremka kuishi kwa binti yake, upande wa chini wa ile milima ya mawe. Nikachukua korosho zilizobanguliwa, nikafunga kwenye kitambaa safi, nikaenda. Nilikuwa nimeandaa hotuba nzima njiani.

Nilimkuta anatoka mlangoni. Koti lilikuwa limefungwa vifungo vyote.

"Shikamoo, Dresa."

"Marahaba. Wewe ni Mama Zainabu. Jicho je?"

Nikamweleza kwamba mama amefariki. Akasema pole, akauliza, "Kioo kilikuwa safi?"

"Kilikuwa safi mpaka siku ile."

"Vizuri." Akazitazama korosho zangu, hakuzipokea. "Una nafasi? Twende mahali, nimechelewa."

Tulitembea hadi nyumba moja nyuma ya soko. Njiani, bila kunitazama, alinisimulia. Mwaka uliofuata ule wa mama, Daktari alimpasua fundi cherehani mmoja wa Tandahimba, jicho la kulia vilevile. Siku ya tatu likavuja vilevile. Daktari alikuwa ameshaondoka. Dresa akakunja pamba, akatia dawa, akakaza bandeji.

"Niliikunja hivyohivyo," alisema. "Mkono uleule. Siku ya tano kilikuwa cheupe. Wewe unaniletea korosho kwa jicho moja. Huyu aniletee nini?"

Ile hotuba yangu ilikuwa imekwisha bila kuanza.

Fundi alikuwa ameketi barazani kwa mwanawe, cherehani kando yake imefunikwa gunia. Jicho lake la kulia lilikuwa jeupe, kama alivyosema, ganda la yai kabisa. La kushoto liliona bado, kidogo, kwa matone ya asubuhi na jioni, na mtu wa kutia matone hayo alikuwa Dresa. Mwanawe hakuweza, aliyatia shavuni.

"Umechelewa," alisema fundi.

"Nilipata mgeni."

"Mgeni wako hana jicho la kutiwa dawa. Mimi ninalo, tena moja, unajua kwa nini."

"Najua."

Nilimtazama Dresa nikisubiri jibu lake kali. Akaomba maji, akanawa, akafungua kichupa. Fundi akaegemeza kichwa ukutani. Dresa akasimama juu yake, akavuta kope la chini, akainua kichupa, na hapo nikaona kwamba kile kichupa kinatikisika hewani, kulia na kushoto, na yeye anakikodolea macho kama mtu anayemwona mtoto wa jirani akifanya utundu.

Fundi naye alikuwa akikitazama, kwa kile alichobakiwa nacho.

"Mkono wako unatetemeka, Dresa."

"Unatetemeka."

"Basi ngoja utulie," alisema fundi, bila kuondoa kichwa ukutani. "Mimi siendi popote."